Ukuta wa Jua

"Mimi udongo haunifichi kitu," alisema Mama Pole, amesimama ukingoni mwa handaki na mikono kiunoni kama mwenye shamba. "Nimefukua maiti, nimefukua bunduki, nimefukua hata meno ya bandia ya mkuu wangu wa zamani, yaliyozikwa na mbwa wake. Hakuna shimo nisiloweza kulisoma."

Kisha akaitazama ngazi inayoshuka chini, akavitazama viatu vyake, akashusha sauti.

"Ila hili, Koplo, nishike mkono. Na ukiniachia nikaanguka, kwenye ripoti nitaandika muuaji ni wewe."

Koplo alimshika. Alikuwa na mwili wa kubeba magunia na roho ya kifaranga. Vitu alivyoviogopa duniani vilikuwa vingi, na mashimo yalikaa karibu na juu kabisa, chini kidogo tu ya mama mkwe wake.

"Afande, si tungeulizia hapahapa juu?"

"Umwulize nani? Nyasi?"

Walishuka. Jina la Mama Pole alibandikwa na wezi wenyewe, maana humpa mtu pole kwanza, kwa huruma ya kweli kabisa, ndipo amtie pingu. Asubuhi ile aliyestahili pole alikuwa yeye. Jana mchana, watu wakiwa kwenye chakula, ukuta mmoja wa handaki lile uliporomoka ukamfunika Profesa, mama mtu mzima aliyelichimbisha. Alitolewa angali anapumua. Tangu hapo amelala hospitali, hajafumbua macho.

"Mvua hiyo," mkubwa wa kituo alikuwa amemwambia Mama Pole, hata hajaketi. "Ilinyesha usiku wa juzi, udongo umelowa, umeanguka. Nenda kaangalie, andika mvua, rudi."

Mama Pole angeiandika hiyo mvua kwa herufi kubwa na kwenda zake kunywa chai, kama si ule msingi. Ulikuwa jirani tu na handaki, umeshasukwa nondo, unangoja zege. Ni msingi wa wodi mpya ya wazazi. Na handaki lilichimbwa ili kuuliza swali moja: huu ufa wa ardhi unaopita chini ya kiwanja umekufa, au umelala? Baraza lilikubaliana kwamba Profesa akisema umelala, hapajengwi kitu. Sasa Profesa hawezi kusema neno, na magari ya zege yameshatoka kiwandani. Zege nalo halina adabu ya kungoja, likikawia linagandia garini. Ikiwa ni mvua, linamwagwa leo. Ikiwa kuna mkono wa mtu, kila kitu kinasimama. Mama Pole alitakiwa kusema ni kipi kabla magari hayajafika.

Jambo lingine hakumwambia mkubwa wake. Mkunga aliyekwisha kupangiwa wodi hiyo alikuwa binti yake wa pekee.

Chini mlikuwa na baridi na harufu ya chungu kipya. Handaki lilikata mteremko moja kwa moja, kutoka upande wa mlima kwenda upande wa tambarare. Kuta zake zilikuwa mbili. Uliopigwa na jua asubuhi, wenyewe waliuita ukuta wa jua. Huo ndio ulioanguka, na sasa ulikuwa rundo la matope na kamba zilizokatika. Uliobaki, ukuta wa kivuli, ulikuwa umekwanguliwa ukalainika kama ukuta wa sebule, umepigiliwa misumari na kufungwa nyuzi nyeupe za kwenda juu na za kwenda pembeni, mpaka ukawa miraba mitupu. Waokoaji walikuwa wameuegemeza kwa miti miwili, basi. Kila baada ya muda chembe za udongo zilichuruzika kutoka juu, chrrr, zikanyamaza.

"Afande, umesikia?"

"Nimesikia. Wewe usipige chafya tu."

Mama Pole alivaa miwani, akainama. Kando ya rundo zililala jeki za chuma, zile ndefu za kuzungusha. Huwekwa zikiwa zimelala kati ya ukuta na ukuta, ncha hii inasukuma ubao wa huku, ncha ile inasukuma wa kule. Unazizungusha kwa nondo, zinarefuka mpaka kuta zote mbili zinabanwa. Aliigusa moja kwa kidole. Akaigusa ya pili. Akarudi kuigusa ya kwanza, jambo ambalo Koplo alilijua, na hakulipenda.

"Koplo, wewe ukiangukiwa na ukuta, unakuwaje?"

"Nakufa, afande."

"Kabla ya kufa."

"Navunjika. Napinda."

"Sasa hizi mbona hazikupinda?" Aliinyanyua moja, akafuta matope kwa kanga ya begani. "Itazame. Imeingia ndani yote, kama kobe aliyetishwa. Jeki iliyobana ukuta ikiangukiwa, inapinda ikiwa ndefu. Haijizungushi yenyewe ikawa fupi kisha ikalala pembeni kwa nidhamu. Mvua gani hiyo yenye mikono?"

Chembe zikachuruzika tena. Koplo alikuwa ameshafika ngazini.

Juu, msimamizi wa ujenzi alikuwa anawangoja, anapiga saa yake kwa kucha. Watu wote walimwita Bwana Zege, hata mkewe. Alikuwa mtu wa kelele, na wiki nzima kelele zake zilikuwa za aina moja: kwamba shimo hili la maprofesa linamchelewesha, kwamba akipewa ruhusa atalifukia hata akiwa amelala. Wafanyakazi wake walikuwa wamelisimulia hilo kwa furaha kabla hawajaulizwa.

"Mama, umemaliza? Magari yako barabarani."

"Bado kidogo, baba. Nondo ya kuzungushia jeki inakaa wapi?"

"Jeki ni za wale wa mawe, watu wa Profesa. Waulize wao."

"Koplo wangu ameiona ndani ya stoo yako, nyuma ya mifuko ya saruji, ina matope mabichi." Koplo alishtuka kidogo, kwa sababu alikuwa ameiona dakika ile ile na hakuwa amemwambia mtu. Mama Pole alikuwa amefuata tu macho yake kupitia mlango ulioachwa wazi.

Uso wa Bwana Zege ulibadilika rangi. "Nondo ni yangu. Yao ilipotea juzi, wakaja kuniazima. Jana baada ya yale mambo niliikuta imelazwa mlangoni pa stoo. Nikaiweka ndani. Sasa nondo kukaa stoo ni kosa?"

"Aliyekuja kuazima nani?"

"Fundi wangu ndiye aliyempa. Yule kijana Mchoraji, nadhani, au vibarua wao. Sikuangalia, mama, mimi nilikuwa na kokoto zangu."

"Na ukuta ulipoanguka ulikuwa wapi?"

"Hapo kwenye mashine ya kuchanganyia, naifokea. Waulize hao wote."

"Unaifokea mashine?"

"Haisikii bila kufokewa."

Mama Pole alimtazama mikono. Vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa, na penye vitambaa palionekana damu.

"Umeumia wapi?"

Bwana Zege aliificha mikono nyuma kama mtoto aliyedokoa. "Kulikuwa na koleo moja tu. Ningengoja zamu? Nilisikia anakohoa humo ndani ya matope." Akaitoa mikono tena, akaitazama. "Mimi na yule mama tumegombana kila siku iliyopambazuka. Lakini mtu akikohoa chini ya udongo, unachimba. Kucha zitaota."

Basi Mama Pole alimfuta kwenye washukiwa wake palepale, ingawa hakumwambia. Mtu mwenye wasiwasi husema mengi, naye alitaka aseme zaidi.

"Na wewe, Bwana Zege, kuhusu ufa huu uliambiwa nini?"

"Niliambiwa umekufa! Mwaka jana, mbele ya baraza zima, kijana alisimama na suti yake: ufa huu umekufa kabla binadamu wa kwanza hajajifunza kupika. Kwa maneno hayohayo. Watu walipiga makofi. Nikasuka nondo. Kisha anakuja Profesa wake anasema, ngoja kwanza tuchimbe tuone. Mimi nani nibishane na profesa?"

"Kijana gani huyo mwenye suti?"

"Si huyo Mchoraji," alisema Bwana Zege, akielekeza kidevu kwenye turubai lililotandwa kando ya handaki. "Mwanafunzi wake mwenyewe."

Simu ya Mama Pole ililia. Alikuwa binti yake.

"Mama, Profesa amefumbua macho."

"Anasema?"

"Hasemi. Ananitazama tu, kisha anayafumba. Daktari anasema tusimsumbue." Sauti ikapungua. "Mama, watu huku wanaulizana kama wodi inajengwa au haijengwi. Mimi niwaambieje?"

"Waambie wazae polepole," alisema Mama Pole, akakata simu. Akarekebisha kanga, ili Koplo asiuone uso wake.

Mchoraji alikuwa ameketi chini ya turubai, amejikunja juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kijana mtanashati, wa kucha safi, isipokuwa leo. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, na Mama Pole aliyaamini machozi yale. Amewahi kuona watu wanalia machozi ya kweli kwa mambo waliyoyafanya wenyewe.

"Pole, mwanangu."

Koplo aliposikia neno hilo alishika pingu zake kiunoni. Mama Pole alimkanyaga mguu.

"Asante, mama. Amenilea yule, kwenye kazi hii. Kila ninachokijua kaniingiza yeye kichwani." Akajipangusa pua. "Ni mvua, sivyo?"

"Ndiyo ninayoitafuta. Lakini kwanza nifundishe, mimi shule niliiacha ingali inanidai. Mlikuwa mnafanya nini humo?"

Kijana alipata nafuu kidogo. Mtu ukimwuliza kazi yake, hata kwenye msiba hujibu. Alisema tabaka za udongo zimelaliana kama magodoro yaliyopangwa. Ardhi ikikatika kwa tetemeko, magodoro ya upande wa tambarare yanashuka, ya upande wa mlima yanabaki juu, panatokea kama kidaraja cha ngazi. Ukingo wa kidaraja haudumu, unabomoka, na udongo wake unajikusanya chini yake, mnene huku na mwembamba kule, umbo la kabari ya kupasulia kuni. Miaka ikipita, magodoro mapya yanaifunika. Ukichimba handaki ukaiona kabari, umeliona tetemeko. Ukiziona mbili, yalikuwa mawili. Na ukijua kilicho chini ya kabari kina umri gani, unajua ardhi ilikatika lini.

"Kwa hiyo mnahesabu kabari."

"Tunahesabu, mama."

"Na kila mtu anachora ukuta wake?"

"Hiyo ni sheria ya Profesa. Yeye ukuta wa jua, mimi wa kivuli. Hakuna kuchungulia ukuta wa mwenzio mpaka wote mmemaliza, maana jicho moja likishaambiwa cha kuona, la pili linakiona hata kama hakipo. Nilikuwa nimeupa mgongo wake wiki nzima."

"Kwa hiyo alichokiona yeye hukijui?"

"Sikijui. Naapa."

"Hukuwahi hata kugeuka kidogo? Mimi ningegeuka. Mimi hata msikitini nageuka."

"Sikuwahi, mama."

"Na jana mchana?"

"Nilitoka kwenda kunawa. Nikasikia mshindo."

"Na michoro?"

"Mbao zetu zote mbili za kuchorea zilikuwa humo ndani. Zimefukiwa."

Kutoka mbali, barabarani, ilisikika honi nzito, ya gari lenye mzigo. Bwana Zege aliangalia huko, akaangalia turubai, akaangalia saa. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

Mama Pole alikuwa na jeki zilizofupishwa, alikuwa na nondo, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina la mtu. Wakili yeyote aliyeamka vizuri angesema vibarua walizilegeza kwa uzembe, kisha mvua ikamalizia.

"Basi nichoree, mwanangu," alisema, akichomoa karatasi kwenye mkoba. "Ukuta wako, ule wa kivuli. Mkubwa wangu akiona picha anaelewa haraka, maneno yanamchosha. Chora kama ulivyochora jana."

"Sasa hivi?"

"Hapohapo ulipo. Wiki nzima umeutazama, si umeshaingia kichwani?"

Kijana aliipokea penseli. Mwanzo mkono ulisita, halafu ukaanza kwenda wenyewe, haraka, kama mkono wa fundi anayeshona huku anazungumza. Tabaka hii, tabaka ile. Mstari uliosimama, wa ufa. Magodoro yakashuka. Kabari ikaja, nzuri, nene, imechongoka. Chini ya kabari akatia alama ndogo nyeusi, yenye pembe tatu, akaizungushia duara bila kufikiri.

"Na hiki?" Mama Pole aliuliza kwa upole sana.

"Kigae."

"Kigae cha nini?"

"Cha chungu." Penseli ilisimama. "Kipande tu cha chungu. Si kitu."

"Cha kupikia?"

"Huenda."

"Chini ya kabari."

Mchoraji alimrudishia penseli. Honi ikalia tena, karibu zaidi.

"Kizuri mno," alisema Mama Pole, akainuka huku magoti yanalia. "Twende ukanionyeshe ukutani, nikiulizwa nisitie aibu. Koplo, wewe kaa hapa juu ukingoni, upate kusikia nikikuita."

Koplo hakuwahi kupewa amri tamu kama ile.

Chini chembe zilikuwa zinachuruzika mfululizo sasa, na mmoja wa miti ya kuegemeza ulikuwa umeteleza kidogo. Mama Pole alitamani kutoka. Akajipa moyo kwa kuhesabu misumari, akakosea, akaacha. Alisimama mbele ya ukuta wa kivuli, akaiinua karatasi kwa mikono miwili mpaka ikakaa usawa wa macho.

"Nisaidie, mwanangu, miwani hii ya zamani. Hapa nilipo, mlima uko mkono wangu wa kushoto, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na tambarare kulia. Kwa hiyo magodoro yanashukia kulia. Nayaona, yanashukia kulia kweli, hata mimi." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Hapa kwenye mchoro wako yanashukia kushoto."

Mchoraji aliitazama karatasi, kisha ukuta, kisha karatasi tena.

"Nimekosea upande tu," alisema Mchoraji. "Nimechoka, mama. Nimeugeuza."

"Inatokea. Hata mimi huvaa blauzi nje ndani. Basi tuugeuze." Aliigeuza karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, ili mistari ionekane kwa nyuma. Sasa magodoro yalishukia kulia. "Haya. Kabari iko wapi?"

Kijana alionyesha. Mahali pale palikuwa na mashimo matupu ya fuko, wale panya wa chini ya ardhi, yamepishana kama matumbo, na udongo wa kila rangi umechanganyika. Hakuna kabari ambayo mtu angeweza kuiapia.

"Fuko wamepaharibu," alisema haraka. "Lakini ilikuwepo, kwa jicho la mtaalamu."

"Jicho la mtaalamu liliiona imechongoka hivi? Maana hii ulivyoichora, Koplo angeiona akiwa amefumba macho."

Mama Pole aliushusha mchoro. Picha yote ilimjia mara moja, mpaka akashika mti wa kuegemeza, akakumbuka umeteleza, akauachia. Kuna mtu aliyesimama akiupa mgongo ukuta huu wa fuko, akiutazama ule wa pili, mlima ukiwa kulia kwake na tambarare kushoto. Aliutazama sana. Pengine aliitwa, mwenye ukuta amefurahi hata sheria yake ameisahau: njoo, njoo uone, kuna kigae chini ya kabari, watu walishakuwa wanapika hapa ardhi ilipokatika. Na aliyeitwa alikumbuka suti yake na makofi ya baraza, akaishika nondo. Ukuta ule ulikuwa umeanguka sasa, haukuwa popote duniani isipokuwa ndani ya kichwa kimoja kisichoweza kusema, na kwenye karatasi hii.

"Koplo!" aliita bila kugeuza macho. "Mwambie Bwana Zege asimamishe magari. Tone moja lisimwagwe. Mwambie si mvua."

Huko juu alimsikia Koplo akikimbia, na ardhi ikitikisika kidogo kwa uzito wake. Punje za udongo zikadondoka mabegani mwao wote wawili. Hakuna aliyezipangusa.

"Kigae, mwanangu," alisema Mama Pole. "Nionyeshe kigae, tutoke humu, mimi naogopa."

Mchoraji aliinua mkono. Kidole kilipita juu ya nyuzi, kikashuka chini ya mashimo ya fuko, kikaenda kulia, kikarudi, kikasimama kwenye mraba mmoja mdogo.

"Kilikuwa hapa," alisema. "Kimeanguka. Jana, na ule mshindo, kimechomoka kikaanguka."

Mama Pole alisogea, karibu mpaka pua ikawa inagusa udongo. Mraba ule ulikuwa laini kama shavu. Alama za mwiko uliokwangua zilipita kutoka msumari hadi msumari bila kukatika, na hapakuwa na tundu, hata la kuingia mbegu ya pilipili.

"Kimechomoka kutoka wapi?" aliuliza.

Kidole cha Mchoraji kilibaki palepale ukutani. Alikitazama yeye mwenyewe, muda mrefu, kama anayetazama kidole cha mtu mwingine.